Kiti Mbele ya Lensi ya Mujerumani

Wajukuu, munapenda kuniuliza kazi ya foto inaanzia wapi. Munangoja niseme mwanga, ao filamu, ao mukono usiotetemeka. Mimi nasema inaanzia kwa muchele.

Sifanyi muchezo. Hapa Kindu hewa ina maji. Muto uko karibu, mvua iko karibu, na kioo cha lensi hakipendi maji. Ukikiacha ndani ya sanduku hivihivi, ukungu unaingia katikati ya vioo, unatambaa kama nyuzi za buibui, na ukishaingia hakuna kitambaa kitakachoufikia. Dawa yake ni muchele. Unaukaanga mukavu, bila mafuta, bila chumvi, mpaka unageuka rangi ya ganda la karanga. Unaungoja upoe. Unaufunga ndani ya kitambaa safi, unauweka kwenye kopo pamoja na lensi, unakaza kifuniko. Juma likipita unakaanga mwingine.

Asha, dada ya mume wangu, Mungu amurehemu, siku moja alikuta kitambaa kile jikoni, akakifungua, akakaa kizingitini akatafuna muchele wote. Mujomba Ramazani alipouliza, akajibu, "Si nilijua ni wa kutafuna?" Mujomba akamwambia bila kucheka, "Umekula chakula cha Muzee Lemeke. Atakuja mwenyewe kukuuliza." Asha aliogopa kukaa peke yake juma zima.

Sasa lazima niwaeleze Muzee Lemeke ni nani.

Hakuwa muntu wa hapa, wala hakufika hapa. Ni jina lililochongwa kuzunguka mudomo wa lensi yetu, kwa herufi ndogo nyeupe: Hartwig Lemke, tena jina la muji wake kule Ujerumani, Görlitz. Mujomba wangu Ramazani, kaka ya mama yangu, aliipata lensi ile pamoja na kamera yake ya mbao kwa Mugiriki mumoja aliyekuwa anafunga duka na kuondoka wakati wa fujo. Mugiriki alimwambia kwamba kiwanda kile kilisugua vioo tangu enzi za mababu, na kwamba kutoka hapa mpaka Kisangani hakuna lensi kama hiyo. Mujomba alilishika neno lile na hakuliachilia. Kwake yeye Lemke hakuwa kiwanda. Alikuwa muzee mumoja aliyekaa dirishani, miwani puani, anasugua kioo kimoja polepole ili Ramazani wa Kindu apate kazi. Muntu akiwasha sigara studio, Mujomba anamwambia, "Muzee Lemeke hapendi moshi." Mwanga ukiwa muzuri asubuhi, anasema, "Muzee ameamka vizuri." Wateja nao walizoea. Waliingia wakisema, "Salaam aleikum, Ramazani. Na Mujerumani, hajambo?"

Mimi nilipita shule kama vile muntu anapita sokoni bila kununua. Herufi za Kizungu nilizijua kwa kidole, nikizunguka mudomo wa lensi ile nikiipangusa: H, A, R, na kuendelea. Kwa hiyo ukisikia Mama Sauda binti Kalonda anajua kusoma, ujue mwalimu wake ni Mujerumani aliyekufa zamani.

Lakini mwalimu yule hakuwa na huruma. Lensi ile ilikuwa inaona kila kitu. Ilihesabu nyuzi za shati. Ilionyesha kola iliyogeuzwa na fundi ili upande uliochakaa ufichwe. Ilionyesha chunusi, jipu, mukunjo, na vishimo vya ndui. Watu walikuja wakijisifu kwamba watapigwa na Mujerumani, na foto ikitoka wananyamaza. Hapo njo kazi yangu mimi ilipoanzia. Mujomba alipiga, mimi niliretusha.

Kuretusha hakufanywi kwenye foto, wajukuu, kunafanywa kwenye filamu yenyewe, ambako mweupe ni mweusi na mweusi ni mweupe. Kishimo cha ndui ambacho kwenye karatasi kitakuwa kivuli, kwenye filamu ni nukta inayopitisha mwanga. Wewe unaiziba na kalamu ya risasi. Kalamu inachongwa juu ya karatasi ya musasa mpaka inakuwa kama sindano. Kwanza unapaka filamu utomvu uliochanganywa na tarabantini, kidogo sana, kwa ncha ya kidole, ili risasi ishike. Halafu unagusa. Usichore mustari. Unagusa tu, unagusa tena, na kabla ya kugusa unavuta pumzi na kuishika. Ukikaza mukono, muntu anakuwa kama amepakwa unga.

Munaona uso wangu. Ndui ilinipata ningali mutoto, kwa mama yangu, na haikuniachia hata shavu moja. Niliziba vishimo vya watu wengi wa Kindu, na kila nilipoziba nilikuwa nawaza yangu. Mbele ya lensi ile sikukaa hata mara moja. Mujomba akiniita, "Njoo nijaribu mwanga juu yako," mimi nina chungu jikoni, nina maji ya kuchota, nina kichwa kinauma. Mukono wangu ulikuwa maarufu, na uso wangu ulikaa nyuma ya kitambaa cheusi. Nilipenda hivyo.

Siku za mwanzo niliharibu mengi. Siku moja nilipangusa lensi kwa ncha ya kitenge nilichopikia, na kitenge kilikuwa na mawese. Akaja Muzee Gaspard, mukubwa wa stesheni, akapigwa. Foto ikatoka kama ametoka katika moshi wa gari lake mwenyewe. Mujomba alinikemea mpaka nikalia. Lakini Muzee Gaspard aliishika foto, akaigeuza, akasema, "Ramazani, hapa nimekuwa kijana! Nipige tena hivihivi." Mujomba akajibu kwa hasira, "Hivihivi haiwezekani, Muzee Lemeke leo alikuwa na homa."

Nimewachekesha kwanza kwa sababu sehemu inayobaki inanichoma. Mpaka leo nikienda soko kuu, pale palipokuwa studio ya Mujomba napita upande wa pili wa barabara. Munanisindikiza, munaniuliza, "Nyanya, kwa nini unavuka?" Nawaambia juu ya jua. Si jua.

Katika Kindu yetu, upande wa Waislamu, bibi arusi alipigwa foto ndani, katika chumba cha wanawake, na hakuna mwanaume aliyeingia. Kwa hiyo walinihitaji mimi. Nilibeba kamera ya mbao kichwani, lensi ndani ya kopo lake la muchele, nikaenda nyumba kwa nyumba. Wanawake walijifunua mbele yangu kama mbele ya dada. Nikipiga, nasafisha filamu mimi mwenyewe, natoa foto mimi mwenyewe, moja tu ya bibi arusi. Filamu inafungwa ndani ya kitambaa chekundu, na fundo linakazwa na mama mukwe kwa mukono wake. Kitambaa kinabaki kwangu, ndani ya sanduku la wanawake, mpaka siku dada ao shangazi atakapoomba foto nyingine. Na kabla ya kufunga nilisema mbele ya wote, "Hii haitaonwa na meso ya mwanaume asiye wake." Hicho njo kilikuwa kiapo changu. Hakuna aliyenifundisha, nilikitunga mwenyewe, na watu walinipenda kwa kiapo kile kuliko kwa kalamu yangu.

Bibi arusi mumoja aliitwa Zaituni. Alitoka Mikelenge, akaolewa na Yahya, mufanyabiashara wa vitenge, mwana wa Mama Mwajuma. Mama Mwajuma mulimusikia mukiwa wadogo: ndiye aliyefundisha watoto wengi Kurani, mwanamuke murefu, sauti ya chini, mbele yake hata wanaume walizima redio. Nilimupiga Zaituni akiwa amekaa juu ya mukeka, kitenge kimefungwa chini ya kwapa, mabega yanang'aa mafuta, hina mpaka kwenye viwiko, nywele zimesukwa na hazina hata uzi wa kuzifunika. Shangazi yake mumoja alisema neno la aibu, na Zaituni akacheka. Pale nikabana mupira, kile kipira cha mukononi kinachofungua lensi. Nilipoisafisha filamu ile, nilikaa naye kwa muda. Nilitafuta fasi ya kugusa na kalamu, sikuipata. Tone moja la mafuta lilikuwa limetulia juu ya mufupa wa bega, na Muzee Lemeke alikuwa ameliona. Ile ni foto nzuri kuliko zote zilizotoka katika lensi yetu. Mama Mwajuma akakaza fundo.

Baadaye shangazi yangu akafariki kule Tunda, nikaenda kwenye kilio.

Wakati ule inchi ilikuwa imebadili jina, imekuwa Zaire, na watu nao walikuwa wanabadili. Albert wa posta aliacha kuitwa Albert, mwalimu Donatien aliacha kuitwa Donatien. Hata lensi tuliipa jina la Kizaire, Lemeke Meso-Makali, juu Mujomba alisema hataki matatizo. Tulicheka, lakini tulicheka muchana tu na mulango umefungwa. Nikiwa Tunda, komisere wa zone, mukubwa wa serkali hapa, akapitisha neno: sikukuu ya chama imekaribia, atatembelea barabara kubwa kesho yake, kila vitrini, kile kioo cha mbele ya duka, ipambwe, isionekane hata kravati moja, juu vya Kizungu vyote vilikuwa vimekatazwa.

Sasa ufikirie vitrini ya Mujomba. Kila foto ndani yake ilikuwa ya mwanaume katika veste na kravati. Albert na kravati. Donatien na kravati. Muzee Gaspard na kravati na saa ya munyororo. Na bibi arusi wa misioni katika vazi jeupe la Kizungu. Mujomba alizitoa zote, vitrini ikabaki na misumari. Duka la jirani lilikuwa limefungwa kwa sababu tu ya kalenda ya zamani ya Wabeleji iliyosahauliwa ukutani, na mwenye duka alirudi kutoka kifungoni amekonda. Mujomba akaogopa. Akatafuta studio nzima foto ya muntu aliyevaa kama muntu wa hapa, hakuipata. Watu wetu walikuja kwa Mujerumani wakiwa wamevaa kama Wajerumani. Halafu akakumbuka sanduku langu.

Mimi nilishuka kwenye gari la moshi, musigo kichwani, nikakuta wanaume wamesimama mbele ya studio. Wamesimama tu, hawaongei. Nikapenya. Zaituni alikuwa pale, katikati ya vitrini, peke yake, anacheka na barabara nzima. Chini yake Mujomba aliandika kwa chokaa: MWANAMUKE WA ZAIRE.

Sijui niliingiaje ndani. Mujomba alikuwa amekaa juu ya sanduku la karatasi, hakuinua kichwa.

"Nilifungua sanduku lako, Sauda."

"Nimeona."

"Sikumuangalia kama mwanaume. Nilimuangalia kama fotografe."

"Na wale walio inje, wanamuangalia kama nani?"

Nikanyosha mukono niitoe foto, akaruka akanishika. "Usiguse! Komisere amepita. Ameisifu. Amesema mbele ya watu wote isitoke mpaka sikukuu ipite, na vijana wa chama wanapita kila siku kuangalia. Ikitoka, mimi ninafungwa." Alikuwa analia, muntu muzima. "Nilitaka kuonyesha kitu kizuri tu."

Njo hivyo. Hakuwa mubaya. Angekuwa mubaya, ningalimuchukia nikapumzika.

Mama Mwajuma alifika kabla sijatua musigo vizuri. Alipiga hodi kama kila muntu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akatengeneza ushungi wake.

"Sauda, mutoto wangu. Fundo nilifunga mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Ulisema maneno."

"Ndiyo, Mama."

Hakuniuliza kitu kingine, na mimi nilitamani anipige. Mujomba akaanza kueleza, komisere, kravati, misumari. Mama Mwajuma alimusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema habari za nyumbani. Zaituni amejifungia, amegeukia ukuta. Ndugu za Yahya wanasema arudishwe kwao Mikelenge kabla mume hajafika, ili Yahya asikute aibu nyumbani. Na Yahya anafika na gari la moshi linalofuata kutoka Kongolo, na njia ya kutoka stesheni inapita hapa, mbele ya kioo hiki. "Mwanangu ni mwepesi wa hasira," alisema. "Atakachokiona kwanza, hicho njo atakachokiamini."

Mujomba akasema, "Dada, tufanye nini? Kutoa siwezi."

"Nimesikia huwezi kutoa. Je, kuongeza unaweza?"

Hatukumuelewa. Akasimama, akatembea mpaka kwenye kiti kile kilicho mbele ya lensi, akakaa.

"Yuko peke yake mule ndani. Musichana mumoja peke yake kati ya wanaume, huyo ni malaya. Musichana amekaa karibu na mama mukwe wake, huyo ni muntu wa nyumba. Ramazani, toka inje. Sauda, nipige."

Mujomba akatoka. Mama Mwajuma akafungua ushungi, akaukunja, akauweka juu ya magoti. Akavua baibui. Akafunga kitenge chini ya kwapa, kama vile Zaituni alivyofunga. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, sikujua. Mabega yake yalikuwa membamba kama ya mutoto.

Mimi nikaingia chini ya kitambaa cheusi. Hamukutumia kamera za namna ile, basi niwaambie: kwenye kioo cha nyuma muntu anaonekana kichwa chini, miguu juu. Unazoea, unasahau. Siku ile sikusahau. Mama Mwajuma alikaa wima, hakusogea, na chozi lilipotoka, kwenye kioo changu nililiona linapanda. Linapanda shavu polepole kuelekea juu. Muzee Lemeke alinionyesha wazi kabisa, na nilipenda angekuwa na mawese usoni.

Nikabana mupira.

Alivaa, akakaza ushungi, akauliza, "Itatoka lini?"

"Leo, Mama. Nitairetusha vizuri, nitapunguza—"

"Kalamu yako isiniguse. Zaituni uliweka vile alivyo."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa, keti."

Nilifikiri sikusikia. Akaonyesha kiti kwa kidevu. "Yeye ni bibi arusi wa nyumba yangu, mimi ni mama wa nyumba, na wewe uliapa. Tuko watatu. Fungua kichwa."

Wajukuu, nilisema mambo mengi. Nilisema filamu imeisha, na ilikuwa haijaisha. Nilisema mwanga umepotea, na jua lilikuwa mulangoni. Nilisema, "Mama, uso wangu huu, watu watacheka." Akanijibu, "Walimucheka nani wiki hii, si Zaituni?" Nikamuonyesha mupira, fasi ya kubana, nikakaa. Kiti kile nilikuwa nimekipangusa tangu ujana wangu, na sikujua kwamba ni kigumu vile. Sikujua kwamba lensi inafanana na jicho la samaki, duara, haifungi, haikusalimii. Nilisoma herufi zangu kuzunguka mudomo wake, H, A, R, ili nisiwaze. Mama Mwajuma hakuniambia nicheke wala nisicheke. Akabana.

Filamu yangu niliisafisha mwenyewe. Kila kishimo kilikuwepo. Nilikaa na kalamu, imechongwa, iko tayari, na hakuna muntu aliyekuwa ananiona. Niliirudisha kalamu kwenye kopo. Sijui kama ilikuwa ni heshima. Nadhani ilikuwa woga wa mwanamuke yule.

Tukaweka foto tatu, bega kwa bega: kushoto Zaituni, katikati Mama Mwajuma, kulia mimi. Mujomba alifuta maneno ya chokaa, akaandika WANAWAKE WA ZAIRE, ili komisere asipate neno. Na kweli hakulipata. Wanaume walikuja kusimama kama kawaida. Walimuona Zaituni, jicho likahamia kwa Mama Mwajuma, yule yule aliyewapiga fimbo za Kurani wangali wadogo, amekaa bila ushungi anawaangalia. Wakaondoka haraka kama watu waliosahau chungu motoni. Wa mwisho walinaswa kwenye foto yangu. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nikawasikia. "Huyu naye? Ndiye anayetutengeneza sisi?" "Eh! Kumbe fundi hana vyombo vya kwake!" Wakacheka. Albert wa posta alikuwepo, ambaye pua yake niliinyosha mara mbili.

Gari la moshi likafika. Yahya akatoka stesheni na robota lake la vitenge juu ya baiskeli, na ndugu zake walikuwa wamekwisha kumusogelea njiani na kumumwagia maneno. Alikuja mbio, uso umevimba. Akafika kwenye kioo. Nilimuona kwa upenyo wa pazia. Jicho lake lilikwenda kwa muke wake, halafu likakutana na mama yake, na pale akasimama. Mdomo ukafunguka. Mama Mwajuma alikuwa amekaa kizingitini kwetu, amejifunika mpaka kwenye paji, anamungoja.

"Mama! Nani alikutoa inje namna hii?"

"Nilitoka mwenyewe. Sikutaka muke wako akae barabarani peke yake."

Yahya aliegemea baiskeli. Ndugu zake walikuwa nyuma wanangoja neno.

"Zaituni anakula?" akauliza.

"Hajala."

"Na foto, hamuwezi kuitoa?"

"Serkali imekataa."

Basi Yahya akafungua robota. Katika vitenge vyake alikuwa na vile vya sikukuu, vipya, vyenye uso wa Mukubwa wa inchi katikati, na kofia yake. Akafunga kamba kutoka mlingoti mumoja wa baraza mpaka mwingine, mbele kabisa ya kioo, akaanza kutundika. Kijana wa chama akaja akitweta, akamuita mwananchi kwa neno la wakati ule: "Sitwayene, unaziba vitrini ya komisere!" Yahya akamujibu kwa upole, "Mimi nauza vitenge vya sikukuu. Unataka nimuondoe huyu?" Akaonyesha ule uso. "Muondoe weye, kwa mukono wako. Mimi nashuhudia." Kijana akaangalia uso ule, akaangalia mukono wake, akasema biashara njema, akaenda.

Barabara nzima ilicheka. Mujomba alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, halafu nikaacha. Yahya alianza kutundika upande wa kushoto. Alimufunika muke wake. Alimufunika mama yake, vitenge viwili. Kamba ikaishia pale. Foto ya tatu ikabaki wazi.

Mujomba akamuuliza, "Na huyu?"

Yahya alisema, bila ubaya, "Huyu si wa nyumba yangu."

Na nilibaki pale mpaka sikukuu ikapita. Nilikwenda kuchota maji, nikapita mbele yangu mwenyewe. Watoto walinyosha kidole kutoka kwenye kioo mpaka kwangu, na kutoka kwangu mpaka kwenye kioo, wakilinganisha.

Siku moja kabla ya sikukuu, nikiwa napangusa kioo, mwanamuke amejifunika yote akasimama nyuma yangu. Nilimujua kwa hina ya vidole, ilikuwa imeanza kufifia. Zaituni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka. Alikuwa ameshika kitambaa chekundu, kile kile cha fundo, Mama Mwajuma alikuwa amerudi nacho nyumbani. Nilifikiri amekuja kunifunika. Nawaambia ukweli, nilikinga mukono.

Hakunipa. Aliangalia foto yangu kishimo kwa kishimo, bila haraka, kama vile mimi nilivyoangalia yake usiku nilipoisafisha.

"Unasikia namna gani?" akaniuliza.

Nilitikisa kichwa.

"Sasa unajua," akasema, akaenda na kitambaa chake.

Baada ya sikukuu Mama Mwajuma alichoma foto mbili na filamu zake jikoni kwake, na mimi nilishika kibiriti. Ya tatu alinirudishia. Wanawake hawakuniita tena kwenye vyumba vyao kwa muda murefu. Hawakunitukana. Walikuwa wanafanya arusi bila foto tu, na nikipita na kopo langu la muchele walinisalimu vizuri sana, kupita kiasi. Salamu zile zilinichoma kuliko kicheko cha Albert.

Aliyekuja kuniita alikuwa Zaituni. Binti yake wa kwanza, Mwajuma mudogo, alikuwa anaolewa. Mujomba alikuwa amekwisha kufariki, kamera ikawa yangu. Niliingia chumbani, wanawake wamejaa, nikasimamisha miguu mitatu, nikatoa Muzee Lemeke kwenye muchele, nikamukaza. Nikageuka kumuita bibi arusi. Zaituni akanyosha kidole kwenye kiti.

"Kwanza weye."

Nikafungua kichwa mbele yao wote, nikakaa. Zaituni akabana mupira mwenyewe. Ndipo akanipa kitambaa chekundu nifungie filamu ya mwanawe.

Tangu pale, kila muntu aliyekuja kwangu kujifunza kazi hii alianza hivyo. Kibonge alikaa, Sifa alikaa, Donatien mudogo alikaa akalia. Foto yake naiweka inje, bila kalamu, mpaka azoee kupita mbele yake. Wengine waliondoka wakasema yule nyanya ana wazimu.

Na weye, mujukuu uliyekuja jana na simu yako nzuri, unaniomba nikufundishe, halafu ulinionyesha foto uliyopiga juzi kwenye musiba, yule mama amefunguka kifua analia, na watu wote wameshaiona. Sikukujibu jana. Nilikuwa naona haya, kwa ajili yako na kwa ajili yangu.

Lensi iko hapa, kavu. Muchele nimeukaanga asubuhi. Kiti ni kile pale.

Kaa. Leo mupira nashika mimi.